Fundi Maiko wa Ghorofa 14

Mwenzenu najenga ghorofa. Ghorofa 14, huku huku Marekani, stoo, juu ya meza ya kupigia pasi. Msinipongeze haraka. Wakazi wake wana urefu wa sentimita mbili.

Chanzo ni mzee jirani, mstaafu, ana treni za kuchezea. Thubutu uziite hivyo mbele yake! Niliropoka mara moja, akanuna mpaka chai ikapoa. Ni modeli, bwana. Chini ya nyumba yake kuna reli, madaraja, stesheni, kakosa mgodi tu. Neno likanitoka: "Mzee, niachie mimi, kwetu ufundi uko kwenye damu." Nani alinituma? Mimi hata msumari naita mtu.

Akanipa michoro. Kinu cha shaba cha Kennecott, Alaska, ndicho hicho cha ghorofa 14, cha mgodi uliofungwa 1938. Serikali yao tangu 1969 ina mradi wa kuchora mitambo ya zamani, na michoro iko Maktaba ya Bunge, unapakua bure. Bure! Nyumba niliyozaliwa haina hata hati. Kinu kilichokufa kabla baba hajazaliwa kimechorwa hadi ngazi.

Haya, kipimo. Moja kwa 87. Kwa nini si 100, tugawe tukalale? Eti futi moja ya kweli ni milimita tatu na nusu mezani. Futi na milimita! Nani kawafungisha ndoa hawa? Nikaprinti. Printa ikaubana mchoro uenee kwenye karatasi, bila kuniuliza. Mlango ukatoka wa kupitisha sisimizi, tena wapange foleni.

Halafu kinu chenyewe kimeegemea mlima. Mawe yalishuka kutoka mgodini kwa ndoo zinazoning'inia kwenye waya, yakaingilia juu, yakapondwa na kuchekechwa ghorofa hadi ghorofa. Chini magunia yanajazwa, treni inasubiri. Kumbe unajenga mlima kwanza, nyumba baadaye! Mimi nilianza na msingi, tambarare, kistaarabu. Sasa kinu kimesimama katikati ya meza kama mtu anayedai kodi.

Madirisha ndiyo msiyaulize. Ya kununua yapo, ila mzee anasema ni aibu. Kila fremu uichonge mwenyewe, kwa vijiti vyembamba kuliko vya meno. Supaglu ikaninasa. Nimeingia supamaketi na dirisha kwenye kidole gumba. Nalificha, kadi inaanguka. Naokota, dirisha hilo hapo. Binti wa kaunta akalitazama, akanitazama, akasema kwa upole kabisa: "Dirisha zuri." Bora angecheka.

Tukaja kwenye kuzeesha. Unachanganya wino mweusi na spiriti, unapaka mbao mpya zionekane zimepigwa na theluji miaka na miaka. Kisha rangi nyekundu, maana kinu ni chekundu. Kisha unaikwangua hiyo hiyo nyekundu uliyoinunua! Kwetu mbao ikichakaa unamkunja fundi shati. Huku uchakavu naulipia.

Mama Neema kanivumilia kimya. Jana kaja stoo, kashika kiuno. "Baba Neema, ukimaliza kwa hao watu wako wa sentimita mbili, rafu ya jikoni inaning'inia tangu Krismasi." Nikamjibu kitaalamu: bila michoro sijengi.

Kaleta, bwana. Kachora nyuma ya bili ya umeme. Kipimo: moja kwa moja.