Barua ya Wazi kwa Tume: Kasulu Yashukuru kwa Kutogawiwa

Kwa Mheshimiwa Jaji wa Rufaa Jacobs Mwambegele, Mwenyekiti, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Dodoma.

YAH: SHUKRANI ZA WANANCHI WA KASULU KWA KAZI YA KUCHORA MAJIMBO

Mwakeye, Mheshimiwa Mwenyekiti. Huku Buha, mkoani Kigoma, salamu haziishi kwa neno moja. Watu huinama kidogo, hupiga makofi taratibu na kuulizana habari za watoto, ng'ombe na maharage mpaka kila upande uridhike. Wananchi wa Kasulu wanaiomba Tume ichukulie kwamba makofi yote yamekwisha kupigwa, maana mambo ya kushukuru ni mengi na karatasi ni fupi.

Tarehe 12 Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane, idadi ikapanda kutoka 264 hadi 272. Dar es Salaam ilipata Kivule na Chamazi, Dodoma ikapata Mtumba, Mbeya ikapata Uyole, Geita ikapata Katoro na Chato Kusini, Simiyu Bariadi Mjini, Shinyanga Itwangi. Kwenye kijiwe cha kahawa mjini Kasulu, kijana aliyekuwa akisoma orodha kwenye simu aliifikisha mwisho, akairudia kutoka juu, kisha akamwambia mzee aliyeketi naye: "Babu, Kigoma haimo." Mzee akamuuliza kama amesoma na ukurasa wa majina.

Mzee hakukosea. Kigoma imo, ila kwenye majina: jimbo la Buyungu, huko juu kwa majirani wa Kibondo, sasa linaitwa Kakonko. Buyungu ni jina la himaya ya mwami, yaani mtemi wa Waha, iliyokuwapo kabla Mjerumani hajafika. Lilimaliza utawala wa Mjerumani, likamaliza wa Mbelgiji aliyeshika nchi hii tangu 1916, likamaliza wa Mwingereza, na Serikali ilipofuta utemi mwaka 1963 bado likasalia kwenye karatasi ya kura. Limekuja kushindwa na Tume. Majirani wa Muhambwe, ambao nao hutumia jina la mwami, wanashauriwa wakae chonjo.

Kuhusu hesabu, Kasulu haina ugomvi, ina maswali tu. Tume ilisema kigezo cha idadi ya watu ni 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa jimbo la vijijini. Vizuri sana. Katika sensa ya 2012, Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu peke yake, bila mji, ilihesabiwa watu 425,794. Huko Mbeya, jiji zima lilihesabiwa watu 541,603 katika sensa ya 2022, likawa na majimbo mawili. Bila shaka Tume inayo makadirio yake ya miaka mitatu iliyofuata. Na kama sababu ya Kasulu kuachwa ni kwamba kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu inajaza takwimu, Tume iandike hivyo tu, wananchi watapunguza wenyewe. Kutoa na kujumlisha walifundishwa shule ya msingi.

Wakiwa hapo hapo kwenye kujumlisha, walimaliza na daftari lote. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Kigoma una watu 2,470,967, nao una majimbo manane: wastani wa watu kama 308,900 kwa mbunge mmoja. Tanzania Bara yote, majimbo 222, wastani ni kama 269,600. Zanzibar, majimbo 50 kwa watu 1,889,773, ni kama 37,800. Muungano una adabu zake na Kasulu inaziheshimu, lakini mkulima wa Makere akisimama kwenye foleni ya kura anajua kwamba kura yake ni sawa na sehemu ya nane ya kura ya ndugu yake wa Unguja. Hajalalamika. Anauliza tu kama na foleni ingeweza kupunguzwa kwa kiwango hicho.

Tuwe wakweli: mipaka ya Kasulu haijawahi kuwa mibaya kwa hila. Uchaguzi wa 2005 watu walipiga kura katika Kasulu Mashariki na Kasulu Magharibi, na yote mawili yakawa na wabunge wa CCM. Ilipofika 2010 yakawa Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini. Kama kuna aliyedhani mstari mpya ungekisaidia chama tawala, basi aliuchora kwa mkono wa kushoto. Moses Machali alichukua Mjini, Agripina Zaituni Buyogera akachukua Vijijini, Felix Mkosamali Muhambwe, na David Kafulila Kigoma Kusini, wote wanne kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Hayo ndiyo majimbo yote ambayo chama hicho kilishinda nchi nzima mwaka huo, na yote yalikuwa Kigoma.

Dawa ilipatikana bila rula. Kufika 2015 majimbo mawili ya Kasulu na la Muhambwe yalikuwa yamerudi CCM, na baadaye Machali na Kafulila wenyewe wakahamia CCM na kupewa vyeo vya uteuzi. Mpaka wa jimbo haukusogea hata hatua moja, ila wabunge waliuvuka mpaka wa chama.

Ndiyo maana Kasulu huwaonea huruma Wamarekani. Tangu mwaka 1812, gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts alipotia saini ramani yenye jimbo lililojikunja kama mjusi, wanahangaika kukata mitaa vipande vipande. Mwaka 2025 Texas ilichora upya ramani yake ili chama cha Republican kipate viti vitano zaidi, na mwezi Novemba California ikajibu kwa kura ya wananchi kuwapa Democratic vitano vyao. Gharama yote ya nini? Wangekuja Dodoma kujifunza.

Hapa Ibara ya 75 ya Katiba inasema Tume huamua majimbo baada ya kupata kibali cha Rais, ambaye kwa desturi ni mwenyekiti wa chama kinachogombea hayo majimbo. Maombi ya kugawa huanzia halmashauri, hupitia kamati ya ushauri ya wilaya inayoongozwa na mkuu wa wilaya, kisha ya mkoa inayoongozwa na mkuu wa mkoa, wote wateule wa Rais. Jimbo la Mbeya Mjini lilipogawanywa, Tulia Ackson, aliyekuwa Spika na mbunge wake, akagombea Uyole. Dodoma Mjini lilipogawanywa, Waziri Anthony Mavunde akaenda Mtumba. Bahati ilioje! Wakenya, kwa Ibara ya 89 ya Katiba yao, wanaruhusiwa kwenda Mahakama Kuu kupinga mipaka ndani ya siku 30, na mwaka 2012 walijaa huko na kesi zao. Sisi tumeepushwa na usumbufu huo na Ibara ya 74(12), inayozuia mahakama kuchunguza lililotendwa na Tume katika madaraka yake.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Majimbo mapya yalitangazwa tarehe 12 Mei. Mwezi mmoja kamili kabla yake, tarehe 12 Aprili, Mkurugenzi wa Uchaguzi alitangaza kwamba chama ambacho hakikusaini Maadili ya Uchaguzi hakitashiriki, na CHADEMA hawakuwa wamesaini. Kwa hiyo majimbo manane yalipimwa kwa makini kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwamo. Kasulu inapongeza umakini huo. Fundi mwingine angeona uvivu kupima chumba ambacho mpangaji amekwisha kufungiwa nje.

Wananchi wanaomba mambo mawili madogo. Kwanza, Tume itoe hadharani jedwali la majimbo yote 272: idadi ya watu, nani aliomba kugawa, nani alikataliwa na kwa sababu gani. Pili, Katiba inataka mipaka iangaliwe angalau kila baada ya miaka kumi. Safari ijayo wajumbe wapande wenyewe mpaka Kasulu kabla ya kibali kusainiwa. Waje na makoti, huku juu asubuhi ni baridi.

Wananchi wa Kasulu, Mjini na Vijijini.

Nakala: Mkuu wa Mkoa, Kigoma.
Nakala: Mahakama Kuu, Kigoma (kwa taarifa tu).