Umbea wa Programu: Njia Tano za Kumsoma Mpinzani

Programu inayojifunza kwa tuzo na adhabu haina shida ikiwa peke yake uwanjani. Iletee mwenzake anayejifunza vilevile, hapo ndipo kuchunguliana kunapoanza. Tuhesabu kutoka mkiani.

5. Kujifanya hujamwona. Mpinzani mchukulie kama upepo: upo tu, unavuma. Ni rahisi, na wengi huanzia hapa. Tabu ni kwamba upepo huu una kinyongo. Ukishaujulia, unageuka makusudi.

4. Kuhesabu. Mwaka 1951 George Brown alipendekeza hivi: tazama mwenzio amecheza nini na mara ngapi, kisha jibu kufuatana na hesabu hiyo. Lakini mwaka 1964 Lloyd Shapley alionyesha mchezo ambamo wahesabuji wawili huzunguka bila kutulia, mithili ya ngamia wa kinu. Afadhali ngamia, mwishowe mafuta hupatikana.

3. Najua kwamba unajua kwamba najua. Jiwe, karatasi, mkasi ni mchezo wa watoto, ila mwaka 1999 kulikuwa na mashindano ya programu tupu, na Iocaine Powder ya Dan Egnor ikashinda. Ilikisia hatua yako, ikakisia vilevile kwamba nawe umeikisia, kisha ikafuata kisio lililokuwa likilipa. Mawifi wa nyumba moja hufanya hesabu hiyo kabla ya chai.

2. LOLA. Hii ndiyo ninayoipenda. Jakob Foerster na wenzake waliichapisha mwaka 2018. Haiishii kuuliza utacheza nini. Inauliza utajifunza nini kutokana na hiki ninachokufanyia sasa. Katika mtanziko wa mfungwa, mchezo wa kuchagua kushirikiana au kusaliti, ukirudiwa-rudiwa, programu za kawaida huishia kusalitiana. LOLA mbili zilijifunza kushirikiana, na anayesaliti akalipwa kwa kipimo kilekile. Huko si kumsoma mtu tena, ni kumlea.

1. Pluribus. Mwaka 2019 programu hii ilikaa meza ya poka na wataalamu watano kwa wakati mmoja, siku 12, raundi 10,000, ikawashinda. Siri yake? Ilijifunza kwa kucheza na nakala zake yenyewe, na mezani haikubadilika kwa ajili ya tabia ya yeyote. Ilichokadiria ni kwamba kila mpinzani anaweza kugeuza mbinu kwa njia chache, basi. Umbea wote ule, kumbe bure!

Ukialikwa meza hiyo, pochi iache nyumbani.