Kufa na Kuzikana, Sasa Mubashara

Watu wa YouTube wana shida ambayo sisi wa Ngamiani, Tanga, hatuijui: wanatafuta majirani. Tangu mwaka 2005 wanabuni kitufe baada ya kitufe ili mtu aliyejifungia chumbani ajihisi ana wenzake. Sisi majirani tunao hadi wa kugawa. Wa kulia kwangu anajua nimekula nini kabla sijanawa mikono, na wa kushoto anajua kwamba nilikikopa. Kwa hiyo kila huduma mpya inapotoka California kuja kutuunganisha, inatukuta tumekwisha kuungana, tena kupita kiasi. Kinachofuata ni kesi.

Nasema haya nikiwa shahidi, maana kikundi chetu cha kufa na kuzikana kina chaneli.

Wazo lilikuwa la shangazi. Jamaa zetu wengi wako Muscat, Dubai na London, na kila ikipita harusi au hitma wanapiga simu hadi usiku kuuliza nani alikuja, nani hakuja, na aliyekuja alivaa nini. Shangazi akachoka kusimulia.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa watu watazame wenyewe. Koo limenikauka, na vocha hawatumi."

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti, ambaye huogopa serikali kuliko malaika wa mauti, akakumbuka kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wenye televisheni za mtandaoni kukata leseni TCRA. Ada zake zilipojumlishwa zilifika shilingi milioni 2.1. Fedha ya namna hiyo kikundi hakijapata kuiona hata siku alipofariki tajiri. Akaamuru neno TV lisionekane popote. Chaneli ikabaki na jina la kikundi: Kufa na Kuzikana. Hakuna aliyewaza jina hilo litasomekaje kwenye simu ya mtu aliyelala.

Katibu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekabidhiwa nywila, na mwalimu hakabidhiwi kitu bila kutoa somo. Akatueleza kwamba video ya kwanza kabisa YouTube iliwekwa na Jawed Karim, mmoja wa waasisi watatu, tarehe 23 Aprili 2005. Anaonekana amesimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, na video nzima ina sekunde 19. Wajumbe wakaguna. Sekunde 19! Kwetu muda huo mshereheshaji bado anagongagonga kipaza sauti. Tukauliza mwisho wake ni kiasi gani. Katibu akasema akaunti isiyothibitishwa inaishia dakika 15, lakini ukiithibitisha kwa namba ya simu unaweza kupakia video ya saa 12.

"Hapo sasa," akasema mshereheshaji, "tutaelewana."

Ikaja habari ya kurusha mubashara kwa simu, ambayo inataka chaneli iwe na wafuatiliaji 50. Mwenyekiti akaimaliza kwa tangazo moja: ambaye hajajiunga na chaneli, kikundi hakitamzika. Kabla ya Alasiri idadi ilikwishapita, pamoja na mzee mmoja asiye na simu aliyetaka aandikwe kwenye karatasi na apewe risiti.

Siku ya kwanza ya kurusha ilikuwa ndoa. Sheikh ameketi, mashahidi wameketi, Katibu akabonyeza. Ndipo akasoma alichopaswa kukisoma wiki moja nyuma: kwa mara ya kwanza, ruhusa ya kurusha inaweza kuchukua hadi saa 24. Mjomba wa bibi harusi akapendekeza kwa upole kwamba ndoa isogezwe hadi kesho muda huohuo. Bwana harusi akamtazama mjomba kwa macho ambayo video ingeyanasa yangetupatia watazamaji wengi.

Lakini hayo ni madogo. Msiba wenyewe uliletwa na Premiere.

Huduma hii ilitangazwa mwaka 2018. Video iliyokwisha kurekodiwa inapangiwa saa, watu wanaitazama pamoja huku wakiandikiana pembeni, na kabla haijaanza zinahesabiwa dakika mbili kurudi nyuma. Shangazi alipoelezwa alisema hii ndiyo inayotufaa, maana utamu wa kutazama harusi ni kuwasema watu wakati unawaona. Harusi ya binti wa mjumbe ikapangwa ionyeshwe Jumamosi saa mbili usiku. Mikeka ikakung'utwa, kahawa na kashata zikaagizwa, na runinga ya mjumbe ikatolewa barazani.

Alhamisi yake Katibu aliketi na simu kupanga saa. Saa mbili ni saa mbili; akaandika 2:00. Simu haikubishana na mwalimu mstaafu. Ikaipokea saa mbili ile kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa nane, usiku wa manane wa kuamkia Jumamosi.

YouTube huwatumia wafuatiliaji arifa dakika 30 kabla ya onyesho, na nyingine linapoanza. Saa saba na nusu za usiku simu zikalia Ngamiani nzima. Muscat na Dubai, walio mbele yetu kwa saa moja, zikalia saa nane na nusu. Kila aliyefumbua jicho aliona mambo mawili tu: Kufa na Kuzikana, na dakika 30. Hakuna aliyesoma hadi lilipo neno harusi.

Vijana wa kuchimba kaburi walifika msikitini na majembe, wakauliza kama maiti ni mrefu. Mjumbe alitoka na shuka moja kiunoni, akawakuta watu mlangoni kwake wamekwisha vua viatu. Shangazi alilia kwa muda mrefu kabla ya kuuliza anamlilia nani. Binamu mmoja wa Dubai alituma rambirambi palepale kwa simu bila kuuliza jina la marehemu. Kulipokucha akaomba arudishiwe, mweka hazina akamjibu kwamba rambirambi hairudishwi. Itahifadhiwa hadi mwenyewe apatikane.

Jumamosi saa mbili usiku, saa yetu, tuliketi kwenye mikeka na kahawa yetu. Video ilikuwa imezeeka kwa saa 18. Chini ya uso wa bibi harusi, aliyepambwa kwa hina na dhahabu hadi vidoleni, yalijipanga maoni kutoka Ghuba nzima: "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Mmoja aliongeza, "Ametangulia, sisi tuko nyuma yake." Bwana harusi aliyasoma yote, moja baada ya jingine, hakugusa kashata.

Harusi hiyohiyo ndiyo iliyotufundisha huduma nyingine. Mei 2022 YouTube iliweka mchoro mdogo juu ya mstari wa muda, unaoonyesha sehemu ya video inayorudiwa zaidi na watazamaji; palipopendwa, mstari unainuka. Kwa mpishi anayefundisha mapishi au fundi anayefungua injini ni msaada mkubwa, maana mtazamaji anakwenda moja kwa moja penye kiini. Harusi yetu ilikuwa ya saa tatu. Penye khutba ya ndoa mstari ulilala chali. Penye nasaha za wazee haukutikisika. Kisha, katikati ya video, pasipo na ngoma wala keki, palisimama mlima.

Mtaa mzima ukaenda kuutazama. Nyuma ya bega la bibi harusi, pembeni kabisa mwa picha, alionekana mama mmoja mheshimiwa ambaye kila kikao hutuhutubia juu ya ubaya wa israfu. Alikuwa anahamisha mapaja ya kuku kutoka kwenye sinia kwenda mkobani, kwa utulivu wa mtu anayehesabu tasbihi. Kila aliyekwenda kuhakikisha alirudia mara mbili tatu, na kila alivyorudia mlima ulizidi kupanda. Mama akaja kwa Katibu kujitetea: kuku yule alikuwa wa mgonjwa nyumbani. Mgonjwa akaulizwa. Hakupata hata mfupa.

Na maoni nayo yana mambo yake. Tangu Januari 2020 mwenye chaneli hutakiwa kusema kila video yake kama imetengenezwa kwa ajili ya watoto au la, kwa sababu ya sheria ya Marekani ya kulinda taarifa za watoto. Ukisema ndiyo, sehemu ya maoni inafungwa. Katibu alipopandisha video ya watoto wa madrasa wakisoma Maulidi, alijibu ndiyo, kwa uaminifu wa mwalimu. Sasa kila mama alikuwa na la kusema kuhusu sauti ya mwanawe, na la ziada kuhusu sauti ya mwana wa mwenzake. Walipokuta mlango wa YouTube umefungwa wakaenda kwenye mlango wa Katibu. Alipokea maoni kwa mdomo hadi Isha, na hakuwa na kitufe cha kuyafuta.

Kura ndiyo iliyotugawa zaidi. YouTube ilianzisha ukurasa wa jumuiya mwaka 2016, ambapo mwenye chaneli anaweza kuandika, kuweka picha, hata kuuliza watu wapige kura. Katibu akauliza: hitma ya mwaka huu, pilau au biriani? Biriani ikashinda kwa mbali. Watu wakafurahi, mpaka mweka hazina alipopiga hesabu ya vichwa na kugundua kwamba wapiga kura wengi wako Muscat na hawatakuwepo kula. Kikao kikapitisha azimio kwamba mpiga kura wa ng'ambo ataambatanisha kura yake na mchele. Tangu hapo pilau haijashindwa.

Novemba 2021 YouTube waliificha idadi ya vidole gumba vinavyotazama chini, ili kuwakinga watengeneza video na makundi yanayowashambulia kwa makusudi. Mtazamaji haioni idadi hiyo; mwenye chaneli bado anaiona. Ni busara kubwa, ila YouTube walificha tarakimu, hawakumficha Katibu. Hotuba ya Mwenyekiti ya kufunga mwaka ilipata kidole kimoja cha chini, na kabla ya Magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari.

Mwenyekiti alisema hana kinyongo, kisha akaitisha kikao cha dharura. Akakumbusha kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Watu wakaanza kutazamana, muuza kahawa akakana kabla hajatajwa. Ili kuelewa vizuri uhalifu wenyewe, Mwenyekiti akatoa simu yake na kumwomba Katibu amwonyeshe kidole hicho hubonyezwa wapi. Katibu akaifungua hotuba. Kidole cha chini kilikuwa kimekwisha bonyezwa, kwenye simu hiyohiyo. Kikao kikafungwa kwa dua, na mjukuu wa Mwenyekiti akakatazwa kushika simu. Mjukuu ana miaka sita na ndiye msikilizaji pekee aliyeimaliza hotuba ile.

Mtauliza fedha. Tangu mwaka 2018, ili chaneli igawiwe mapato ya matangazo kwa video za kawaida, inatakiwa iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Katibu alipiga hesabu ubaoni: harusi ya saa tatu, wakiitazama watu 1,334 hadi mwisho, tumefika. Hakuna anayeitazama hadi mwisho. Kila mtu hutafuta uso wake, akishajiona anatoka. Lakini ukoo ni mkubwa na Ghuba ina Ijumaa ndefu. Tukafika.

Mapato yakitimia dola 10, Google hutuma PIN kwa barua ya karatasi, kwenye anwani ya posta. Anwani tuliyonayo ni sanduku la shule aliyostaafia Katibu. Barua ilifika kwa wakati. Ufunguo wa sanduku, hata hivyo, ulikuwa umehamia Korogwe pamoja na mwalimu anayeutunza. Katibu akapanda basi kuufuata, na nauli yake, chakula cha njiani na zawadi ya machungwa kwa mwenyeji vikaandikwa daftarini, deni la chaneli. Fedha zenyewe hazitoki hadi zifike dola 100. Shangazi tayari alikwisha zitumia zote, kwa maneno, kununua sufuria kubwa.

Septemba 2024 YouTube wakatangaza jambo jingine, Communities, mahali ambapo watazamaji wenyewe wanaweza kuanzisha mazungumzo kwenye chaneli bila kumngoja mwenye nayo. Katibu akaenda kumweleza shangazi kwa ufasaha wote alionao. Shangazi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwani kabla ya hapo nani alikuwa akitungoja?"

Hukumu yangu ni kwamba vitufe hivi si vibaya. Ndugu wa Muscat anamwona mamaye akicheza harusini, na hilo halina bei. Ila vimetengenezwa kwa ajili ya watu wasiojuana, na hapa kila mtu anajua sauti ya viatu vya mwenzake. Ukitaka kujiunga nasi, karibu: bonyeza, na usisahau kengele. Kuku umle mezani. Na ada ya kufa na kuzikana bado inalipwa taslimu, kwa mkono, kila Ijumaa baada ya swala. Mweka hazina hapokei laiki.