Babu Atupishe Kidogo

Tuwaombee wajuzi wa muziki walioko Ulaya, wana kazi. Hutoa fedha nzuri kununua santuri ya lebo ya Ocora yenye muziki uliorekodiwa Burundi mwaka 1967, ili wamsikie mtu akinong'ona huku akipiga inanga: nyuzi ndizo zinazobeba tuni, yeye anatoa pumzi tu. Wanafumba macho, wanatikisa vichwa. Eti hawajapata kusikia kitu kipya namna hii.

Mhangaza wa Ngara, anayepakana na Burundi shamba kwa shamba, hana shida hiyo. Harusini, babu mwenye inanga hupewa kiti karibu na masufuria, na kabla hajamaliza kukaza nyuzi anaambiwa, "Shikamoo babu, tupishe kidogo, DJ anafunga spika." Biharamulo nako ni yale yale, ila spika ni ndefu kuliko mlango wa ukumbi.

Asikate tamaa lakini. Muziki wa singeli, ambao wastaarabu wetu waliuita kelele za vijiweni, ulitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, Wazungu wakaugombania. Siku mgeni akishuka mpakani Rusumo na kinasa sauti, kamati ya harusi itamkumbuka babu kwa majina yake yote matatu, na itadai asilimia.