Barua ya Wazi kwa Wakala wa Magari wa Swansea

Kwa Mkuu wa Wakala wa Leseni za Udereva na Magari (DVLA),
Swansea, Wales.

YAH: STIKA ZA UBAVUNI KAMA USHAHIDI WA KITANDA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kuwapongeza. Ofisi nyingi za serikali duniani zimehangaika kutafuta namna ya kujua kilichomo ndani ya kitu bila kukifungua, na ni ninyi mliopata jibu: kitazameni kwa nje. Tangu mlipobadilisha utaratibu wenu mwaka 2019, raia wa Uingereza aliyenunua gari la mizigo lililokwishatumika, akalitia kitanda na jiko, kisha akaomba lisajiliwe upya kama gari-nyumba, hawezi kupita kwa kitanda na jiko peke yake. Mnataka na picha za nje. Mnatazama kama upande mmoja una madirisha mawili au zaidi, kama kuna mlango wa kuingilia sehemu ya kuishi usiokuwa wa dereva wala wa abiria wa mbele, kama kuna reli ya kufungia turubai la kivuli, kama paa ni la juu la kudumu na si lile la kuinua na kushusha, na, hapa ndipo ninaponyoosha mikono, kama bodi ina michoro ya mtindo wa magari-nyumba pande zote mbili.

Ili ukubwa wa uvumbuzi huu uonekane, tuchukue mume na mke wanaotoka Birmingham Ijumaa jioni kuelekea milima ya Eryri, kaskazini mwa Wales, kwa wikendi yao ya kwanza katika gari walilolitengeneza wenyewe. Ni Fiat Ducato iliyokuwa ikisambaza vifurushi. Ndani yake viti viwili vya nyuma hulazwa vikawa kitanda, meza hukunjwa ukutani, jiko la plate mbili limefungwa kwa skrubu, na kabati la mtungi wa gesi lina tundu sakafuni, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutafuta njia ya chini. Fundi aliyetoboa tundu lile anajua usalama ni nini. Madirisha mawili wanayo, mlango wa ubavuni wanao. Ila paa ni lile lile la kiwandani, reli ya turubai hakuna, na bodi ni nyeupe pe, haina hata mstari. Mkasema hapana. Kwenye kadi ya usajili, gari lao limebaki gari la mizigo lenye madirisha. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri, wakati mvua ya Wales inapiga paa, kumbukumbu rasmi za Uingereza zinaonyesha shehena mbili zilizolala kando kwa kando, moja ikikoroma.

Mtajibu kwamba hilo ni neno tu kwenye kadi, na hakuna aliyewakataza kulala humo. Ni kweli hamkukataza. Lakini neno hilo limezungukwa na mambo mengine ya nchi yenu. Kwenye barabara isiyotenganishwa katikati, nazo ndizo zinazopanda milimani, gari la mizigo la aina hiyo mwisho wake ni maili 50 kwa saa. Gari-nyumba ambalo uzito wake likiwa tupu hauzidi tani 3.05 linaruhusiwa 60. Kwenye barabara iliyotenganishwa, ni 60 kwa 70. Ukaguzi wa kila mwaka nao una madaraja: gari-nyumba huingia daraja la 4, wakati gari la mizigo lenye uzito wa juu unaozidi kilo 3,000 hadi 3,500 huingia daraja la 7, ambalo si kila gereji ina kibali chake. Mtasema tena kwamba sheria ya mwendo hutazama gari lilivyotengenezwa, si kadi inavyosema. Haya, basi askari anaposimamisha gari kando ya barabara yenye kona, kompyuta yake inamsomea nini? Mume na mke wenye busara watashika 50 na kuacha foleni ijipange nyuma yao, na kila dereva katika foleni ile atakuwa analipia stika ambayo haikubandikwa.

Hoja yenu nzito kuliko zote ni ya utambuzi. Mnasema aina ya gari kwenye kadi lazima ifanane na kile ambacho askari anakiona barabarani, la sivyo gari lililoibwa au lililogonga na kukimbia halitatambulika. Hoja hii ina heshima yake na sitaki kuidhihaki haraka. Polisi wanahitaji maelezo yanayolingana na macho. Lakini tuisome kadi yenyewe. Ina nafasi ya rangi, na mwenye gari akibadilisha rangi ni lazima awaarifu. Ina namba ya usajili, ina muundo, ina namba ya chesisi. Nafasi ya michoro haina. Mtu akibandika mawimbi mawili ya kijivu asubuhi, akapiga picha mchana, akapokea kadi mpya, kisha akayabandua, kadi haitajua kamwe. Mmechagua alama ya utambuzi isiyoandikwa popote na inayotoka kwa maji ya moto.

Sisi tuliokulia kwenye barabara za Afrika Mashariki tunaelewa vizuri serikali kusoma bodi ya gari. Mwaka 2004 kanuni za waziri John Michuki nchini Kenya ziliitaka kila matatu iwe na mstari wa manjano. Lakini kanuni zile zile zilidai mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo, yaani mstari ulikuwa nyongeza juu ya vitu vinavyookoa roho, na ulimsaidia abiria kuitambua matatu kabla hajanyoosha mkono. Ama michoro, serikali ya Kenya imewahi kuipiga vita, kana kwamba gari lililochorwa sana lina jambo linalolificha. Swansea mmegeuza: gari lisilochorwa ndilo linalotiliwa shaka. Nganya ya Rongai, yaani matatu iliyopambwa, yenye sura za wanamuziki ubavuni na taa za kila rangi, ingeshuka bandarini Southampton leo, kwa upande wa michoro ingekuwa imemaliza kazi.

Kuna wanaosema nje panatazamwa kwa sababu watu ni wajanja: mtu angetupa godoro nyuma, akapiga picha, akadai ni nyumba ili aendeshe kwa kasi zaidi. Wajanja wapo, sikatai. Lakini mjanja huyo mnamzuia kwa kuuliza kama kitanda na jiko vimefungwa imara, swali ambalo tayari mnalo. Kumwongezea sharti la stika ni kumsaidia, maana stika ni rahisi kuliko vitu vyote kwenye orodha. Anayeumia ni yule aliyetumia fedha zake kwenye waya, bomba na tundu la gesi, zikamwishia kabla ya mapambo.

Tena mna ushahidi dhidi yenu ndani ya sheria zenyewe. Kiwanda kinapotaka gari lake liidhinishwe kuwa gari-nyumba, kanuni za uidhinishaji zinataka liwe na viti na meza, mahali pa kulala, vifaa vya kupikia na mahali pa kuhifadhia vitu. Basi. Michoro haimo, reli haimo, paa la juu halimo. Volkswagen California hutoka kiwandani na paa la kuinua, paa lile lile ambalo katika mwongozo wenu halihesabiwi, na ni gari-nyumba tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mnajua kabisa kwamba nyumba hujulikana kwa kilichomo ndani. Mnalijua pale mjenzi anapokuwa kampuni. Mjenzi akiwa seremala wa Birmingham na mkewe, elimu hiyo inawatoka. Sidhani kama mlikusudia kuwapendelea wenye uwezo wa kununua gari jipya, lakini ofisi haihitaji kukusudia kitu ili kukifanya.

Ninachoomba ni kidogo. Zikubalini picha za ndani, pamoja na cheti cha fundi wa gesi na wa umeme mkitaka, nanyi mtakuwa mmepima kile ambacho kinaweza kuua mtu usiku. Mkiona hilo ni zito, basi angalau malizeni kazi mliyoianza, kwa sababu mwongozo unadai michoro ya mtindo wa magari-nyumba bila kusema mtindo huo ni upi. Mistari? Mlima? Twiga anaruhusiwa? Akichorwa upande mmoja tu wa gari, je, anayelala upande huo ni abiria na mwenzake ni shehena? Na ubavu mmoja unahitaji sentimita ngapi za mraba kabla godoro halijaanza kuwa godoro? Tajeni kipimo, maana mume na mke wamekwisha kununua gundi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa kadi za magari

Nakala: Wabandika stika wote, Birmingham.