Maji Yaende kwa Nani?

Huku kwetu Lushoto, Oktoba ikiingia kila mtu ana haraka. Mvua za vuli zinabisha hodi na shamba halijui kusubiri: magugu yatolewe, samadi isombwe, makingamaji yarekebishwe, na majani ya gwatemala yaliyompita mtu kimo yakatwe yalishwe ng'ombe. Juu ya yote hayo kuna barabara. Isipotengenezwa sasa, Desemba kabichi itaozea kwenye lori huku Kariakoo wanaisubiri.

Barabara ya changarawe haitaki makuu. Iwe na mgongo katikati na iiname pande zote mbili, ili mvua iteremkie mtaroni, na mtaro uwe na matoleo, maji yatoke kabla hayajapata nguvu ya kuchimba. Hayo hayana mbishi. Ugomvi huanza pale unapouliza: yatoke yaende kwa nani? Milimani hapa juu ya barabara ni shamba la mtu, chini ya barabara ni shamba la mtu, na chini ya hilo shamba ni bati la jiko la mtu mwingine.

Mwenyekiti wa kitongoji alipotangaza msaragambo wa kuzibua mitaro, tulijitokeza kwa wingi. Majembe ndiyo hayakujitokeza. Kijana mmoja alikuja na mpini mtupu, akaeleza kuwa jembe lenyewe liko njiani. Waliobaki walisimamia. Tulipofika usawa wa shamba langu, mzee mmoja, jirani yangu, akaonyesha kidole kwenye maharage yangu na kusema toleo lichimbwe hapo.

"Hapo ndipo maji yalipozoea kupita," akasema.

"Yalizoea lini, mzee wangu?"

"Tangu zamani."

"Si zamani hapa palikuwa kwako?"

"Ndiyo maana nikakuuzia."

Msaragambo mzima ukacheka, kisha ukachimba. Nilipopendekeza walau tuyapeleke mbele kidogo, upande wake, mzee akanikumbusha historia. Mwaka 1946 mkoloni alianzia Mlalo mpango wake wa kulazimisha watu kuchimba matuta mashambani. Wazee wakaukataa, na ukafa kabla ya uhuru. Kama shamba la babu yake lilimshinda Mwingereza mwenye sheria na askari, mimi mwenye hati ya mauziano ya kijiji nilikuwa nani?

Wiki hiyohiyo likaja greda. Greda kijijini ni sherehe. Watoto walitoroka shule kulifuata, na wakubwa tukajifanya tumefuata watoto. Kwa bahati mbaya lilikuja kabla ya mvua. Changarawe hutaka kuchongwa ikiwa na unyevunyevu, ishikane. Yetu ilikuwa kavu kama unga. Lile bapa la chuma lilichota vumbi, likafukia mitaro tuliyotoka kuizibua, likaacha tuta refu la kifusi mbele ya geti langu. Nikamsimamisha dereva.

"Usijali, kaka," akanijibu kwa upole. "Hilo nitalisambaza nikirudi."

Akarudi kweli, kwa njia nyingine.

Siku chache zilitosha barabara kuota mawimbi yale yanayogonganisha meno. Shemeji yangu wa bodaboda ana dawa yake: ongeza mwendo, upite juu kwa juu. Alinibebea trei la mayai kwa dawa hiyo. Alipofika akasema mayai yote yapo, ila hayajapangwa. Nami nilikuwa na jibu lake, maana wanafizikia walikwishalichunguza jambo hili. Mwaka 2007 walichapisha matokeo ya jaribio la gurudumu lililobingirishwa juu ya mchanga unaozunguka. Mawimbi yaliota hata gurudumu lilipokuwa halina springi. Kinachoyaleta ni mwendo: ukivuka kasi fulani, tena ndogo sana, mchanga unaanza kujikunja. Nikamweleza shemeji kuwa dawa ni kwenda polepole kabisa. Akanitazama kwa huruma, akasema hao wataalamu hawalipi hesabu ya bosi jioni. Hivyo kijijini kwetu anayefuata sayansi ni bibi mmoja tu mwenye tenga la karoti kichwani, naye ndiye anayekula vumbi la wote.

Mvua ikanyesha usiku. Mitaro imefukiwa, toleo langu limezibwa na kifusi cha greda, kwa hiyo maji yakashika barabara yenyewe, yakashuka nayo hadi kwenye kona, na pale kwenye kona yakakataa kukata. Yakaenda moja kwa moja hadi jikoni kwa yule mzee. Maharage yangu hayakuguswa hata jani.

Alfajiri alibisha hodi kwangu, safari hii na jembe lenye mpini. "Mwanangu," akaanza. Tangu aniuzie shamba hajawahi kuniita hivyo. Alitaka toleo lifunguliwe palepale pa zamani. Nikamkaribisha chai, tukajadiliana kiungwana kama watu wanaozikana. Yeye hakutaka maji jikoni, mimi sikuyataka kwenye maharage, na kila mmoja aliona hoja ya mwenzake ina uzito.

Hadi chai inaisha tulikuwa na kauli moja. Tukachimba toleo jipya, zuri, tukalipanga na mawe, likaelekea kwenye kiwanja cha bwana mmoja anayeishi Dar es Salaam. Mpaka sasa hajalalamika. Anakuja Krismasi.