Uhuru wa Kutosogeza Viti
Ali Muhsin Barwani, mhariri wa gazeti la Mwongozi kabla ya kuwa waziri, alitaka Mwingereza aondoke Unguja na Sultani abaki: uhuru, ilimradi viti visisogezwe. Atasema mtu, Sultani wa kikatiba ana ubaya gani, nao Waingereza walikuwa na malkia wao? Hana. Ila katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31, Hizbu, chama cha Ali Muhsin, na mshirika wake wakaisoma hesabu hiyo kuwa ni idhini. Uhuru wa Desemba ukadumu mwezi mmoja. Waliompindua Ali Muhsin walimfunga, kisha nao wakanogewa na uhafidhina: Wazanzibari hawakuitwa kumchagua rais wao mpaka 1980. Na asiyetaka hata nukta ya mapinduzi ya 1964 iguswe, Mji Mkongwe humwita mwanamapinduzi.